Kutoka Schnitzer hadi Emin: Jina la Ukoo la Kijerumani na Majina ya Wanubi wa Kibera

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza jina moja la ukoo la Kijerumani, Schnitzer, ambalo mwenyewe alilivua kabla hajafika katika nchi zilizomfanya kuwa mashuhuri, na kulilinganisha na majina ya Wanubi wa Kibera, ambao baadhi ya mababu zao walikuwa askari wa mtu huyohuyo. Kwa mtazamo wa kwanza, mambo haya mawili hayana uhusiano. Asili ya majina ya Kijerumani ni kazi ya wanaisimu wa Ulaya. Kibera ni mtaa wa Nairobi ambao watafiti wengi huuendea kwa ajili ya kuchunguza makazi, maji na umaskini. Hata hivyo, tutajaribu kuonyesha kwamba jina la ukoo, kwa maana inayodaiwa na fomu za serikali, limetokana na daftari la dola zaidi ya lilivyotokana na damu. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na jina la namna hiyo hawezi kuhesabiwa kuwa mgeni kwa sababu hiyo tu. Hoja hii ina uzito wa pekee Kibera, mahali ambapo swali la “jina la ukoo wako ni nani?” limewahi kuamua nani apate kitambulisho na nani arudishwe nyumbani mikono mitupu.

Jina na uhaba wake

Schnitzer ni jina la kazi. Linatokana na kitenzi cha Kijerumani chenye maana ya kuchonga, na aliyeitwa hivyo hapo awali alikuwa mchongaji, hasa wa mbao. Majina ya kazi ndiyo hazina kubwa ya majina ya ukoo ya Kijerumani: Müller ni msagaji wa nafaka, Schmidt ni mhunzi, Schneider ni mshonaji wa nguo. Lakini hayakuenea kwa kiwango kimoja. Kila kijiji kilihitaji kinu, tanuri la mhunzi na sindano ya mshonaji; mchongaji aliyeweza kuishi kwa kazi hiyo peke yake hakupatikana kila mahali. Ndiyo maana akina Müller wametapakaa hali akina Schnitzer ni wachache, na mara nyingi wasomaji wa fasihi huwachanganya na akina Schnitzler kwa sababu ya Arthur Schnitzler, mwandishi wa tamthilia na hadithi wa Vienna. Kuna na kichekesho kidogo: katika Kijerumani cha mazungumzo, neno hilohilo schnitzer lina maana ya kosa la kizembe, kama la fundi ambaye kisu kimemponyoka.

Maana ya neno, hata hivyo, haitoshi kueleza jinsi familia fulani ilivyolipata. Eduard Schnitzer alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, Silesia, ambao leo unaitwa Opole na umo nchini Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Wayahudi wengi wa Ulaya ya Kati, kabla ya karne ya 19, walijulikana kwa jina la mtu likifuatwa na jina la baba yake, kama tufanyavyo sisi kwa “bin” na “binti”. Tarehe 11 Machi 1812, Mfalme wa Prussia alitoa amri iliyowapa Wayahudi wa nchi yake uraia, kwa sharti kwamba wachukue majina ya ukoo yasiyobadilika na kuyaandikisha mbele ya maofisa. Msomaji na atulie kidogo juu ya sharti hilo. Wayahudi hawakuambiwa wathibitishe kwamba walikuwa na jina la ukoo; waliambiwa wawe nalo. Uraia ulikuwa zawadi, na jina lilikuwa bei yake. Hata pale ambapo familia fulani ilikuwa imeshazoea kuitwa kwa kazi ya babu, ni amri hii iliyoligeuza jina hilo kuwa kitu kisichoruhusiwa kubadilika tena.

Kuvua na kuvishwa

Mtu huyu aliyezaliwa miaka 28 baada ya amri hiyo hakulithamini sana jina lililonunuliwa. Baba yake alifariki angali mdogo, mama yake akaolewa na Mkristo, na watoto wakabatizwa. Alisomea utabibu, na mwaka 1864 akaondoka Ujerumani kwenda kutafuta kazi katika dola ya Uturuki. Huko alianza kuitwa Hairullah Efendi. Alipofika Khartoum mwishoni mwa mwaka 1875, jina alilojitambulisha nalo lilikuwa Emin. Mwaka 1878 alifanywa gavana wa mkoa wa Equatoria, kusini ya Sudan, na kadiri vyeo vilivyopanda ndivyo jina lilivyorefuka: Emin Efendi, Emin Bey, hatimaye Emin Pasha.

Emin ni matamshi ya Kituruki ya neno la Kiarabu amin, yaani mwaminifu. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapa, kwa kuwa mzizi huohuo umetupa amini, imani, amana na mwaminifu. Kwa upande wa ishara, basi, jina jipya lilikuwa wazi kwa watu aliowatawala kuliko lile la kale lingalivyoweza kuwa. Aliishi machoni pa watu kama Mwislamu, akisema Kiarabu na Kituruki pamoja na lugha kadhaa za Ulaya. Wasafiri waliomtembelea walishindwa kuamua kama wamekutana na ofisa wa Kituruki au daktari wa Kijerumani. Tunadhani wote walikuwa sahihi, na kwamba yeye mwenyewe hakuona haja ya kuwasaidia wachague.

Lakini katika mkoa wake hakuwa peke yake aliyebadilishwa jina. Askari wake wengi walikuwa wenyeji wa Sudan ya kusini na nchi jirani, watoto wa makabila kama Bari, Moru na Kakwa. Wengi wao walitekwa au kuuzwa, wakaingizwa katika jeshi la Misri na kupewa majina mapya ya Kiarabu. Majina ya jeshi hilo yalikuwa na tabia yake. Baadhi yalikuwa ya shukrani kwa Mungu, kama Fadl el Mula, yaani fadhila ya Mola, na Farajalla, faraja ya Mungu. Mengine yalikuwa ya vitu vya thamani, kama Almasi na Murjan, ambayo ni marijani. Fadl el Mula ni jina la ofisa aliyeshiriki katika uasi wa mwaka 1888, ambapo Emin alifungwa na askari wake mwenyewe huko Dufile. Hapa ndipo tunapotofautiana na waandishi wanaosimulia kisa cha Emin kana kwamba ni kioja cha Mzungu mmoja aliyependa kujigeuza. Kambi nzima ilikuwa ya watu waliogeuzwa majina. Tofauti ni kwamba gavana alijichagulia, na aliweza kulirudia la kwanza siku yoyote. Askari alivishwa, na la kwanza likapotea pamoja na kijiji alikotolewa.

Vita vya Mahdi viliukata mkoa huo na Khartoum, iliyoanguka Januari 1885. Msafara wa Stanley uliopelekwa kumwokoa Emin ulimfikia kando ya Ziwa Albert mwaka 1888, na Desemba 1889 wakafika Bagamoyo. Mwaka 1890 Emin aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akarudi bara, na Oktoba 1892 akauawa katika nchi ya Kongo. Tukitazama ramani, tunaona kwamba hata Wazungu wenziwe walilikubali jina lake la pili: kuna Mlima Emin katika safu ya Ruwenzori, na kuna Ghuba ya Emin Pasha upande wa Tanzania wa Ziwa Viktoria. Si rahisi kupata mahali palipoitwa kwa jina la Schnitzer.

Haitakuwa nje ya mada kutaja hapa kwamba riwaya maarufu zaidi iliyoandikwa kutokana na zama hizo ina swali la jina la Kijerumani ndani yake. Joseph Conrad, ambaye naye alizaliwa Korzeniowski, alipoandika Heart of Darkness alimwita wakala wake Klein katika mswada, kisha akambadilisha kuwa Kurtz. Klein lilikuwa jina la wakala halisi aliyekufa katika safari ya mtoni, na maana yake ni “mdogo”. Kurtz linakumbusha neno la Kijerumani lenye maana ya “fupi”, na msimulizi mwenyewe anaigusa maana hiyo kwa kejeli. Wahakiki wametumia wino mwingi kumtafuta mtu aliyekuwa kielelezo cha Kurtz. Sisi tunaona kwamba lililo muhimu zaidi ni lile badiliko lenyewe: mwandishi alijua kuwa jina la mtu mweupe porini ni vazi, linaweza kupunguzwa na kushonwa upya.

Kibera

Emin alipoondoka, askari wake wengi walibaki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta Kavalli, kusini-magharibi ya Ziwa Albert, wakiongozwa na Selim Bey. Akawachukua mamia ya askari pamoja na maelfu ya wafuasi wao, wake, watoto na watumwa, akawaleta Uganda. Selim Bey mwenyewe alifia Naivasha mwaka 1893 akiwa anapelekwa pwani baada ya kutofautiana na Waingereza. Waliosalia waliingia katika jeshi la Uganda, na tangu 1902 katika King’s African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari waliostaafu walianza kupewa makazi katika msitu ulio kusini-magharibi ya Nairobi, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Si Wanubi wote wa Kibera waliotokana na watu wa Emin, kwa sababu wengine waliandikishwa baadaye kutoka Misri na Sudan. Lakini kiini cha jumuiya kinapita katika njia hii.

Wanubi wenyewe huliita eneo hilo Kibra, na husema kuwa katika lugha yao, Kinubi, neno hilo lina maana ya msitu. Kinubi ni krioli iliyotokana na Kiarabu cha kambini. Maelezo yake ya kisarufi yanayotajwa sana yalichapishwa mwaka 1982 na mwanaisimu wa Kijerumani, Bernd Heine, ambaye aliitafiti lugha kama inavyozungumzwa Kibera. Tahadhari moja ni ya lazima. Kando ya Ziwa Albert, katika nchi ya Bunyoro, kuna kijiji cha wachemsha chumvi kiitwacho Kibiro, ambacho Emin alikipitia na kukiandika habari zake. Upande wa Kawangware, jirani na Kibera, kuna wadi inayoitwa Kabiro. Mpenzi wa asili za majina atashawishika kuzifunga kamba moja Kibiro, Kabiro na Kibra. Tunamwomba ajizuie. Kufanana kwa sauti si ukoo, na bila ushahidi wa njia ambayo neno lilisafiri, hoja hiyo haina miguu.

Majina ya watu wa Kibera ni mnyororo. Mtoto huitwa Yunus, baba yake Ramadhani, babu yake Farajalla. Kizazi kinachofuata husogea hatua moja, na Farajalla huondoka mwishoni. Hakuna linalosimama kwa vizazi vyote. Kabila la zamani halipo katika jina la mtu. Lipo ardhini, kama katika kijiji cha Kambi Muru, kinachowakumbuka Wamoru. Utaratibu huu si ugeni hata kidogo kwa fasihi yetu. Muyaka bin Haji hakuwa na jina la ukoo kwa maana ya Prussia. Nisba kama el Murjebi, aliyoitumia Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, hutaja asili ya mtu lakini si lazima iandamane naye kila mahali. Ni kadi za maktaba zilizotufundisha kuandika “Robert, Shaaban”, na kumfanya baba wa mshairi kuwa ukoo wake. Wanafunzi wetu huandika hivyo bila kuuliza, nasi tunawasahihisha wanapokosea mkato.

Maktabani madhara ya utaratibu huo ni madogo. Katika ofisi ya vitambulisho yalikuwa makubwa. Kwa miaka mingi vijana wa Kinubi walipofikia umri wa miaka 18 walipelekwa mbele ya kamati za uhakiki, wakatakiwa kuonyesha hati za wazazi na hata za mababu, mambo ambayo majirani zao wenye majina yanayotambulika kikabila hawakuulizwa. Jina la Kiislamu lisilo na ukoo wa Kikenya lilisomwa kama dalili ya mtu wa kupita, ingawa babu wa kijana huyo alizikwa Kibera kabla Kenya haijawa koloni kwa jina hilo mwaka 1920. Prussia ya 1812 ilidai jina kisha ikatoa uraia papo hapo. Hapa jina lililokuwa limetolewa na jeshi la dola moja, likaandikwa katika daftari za jeshi la dola ya pili, lilitumiwa na dola ya tatu kuwatilia shaka wajukuu. Tarehe 22 Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya kupata uraia tangu kuzaliwa. Kabla ya uamuzi huo, sensa ya 2009 ilikuwa imekwisha kuwahesabu Wanubi kwa jina lao.

Juni 2017 serikali ilitoa hati ya ardhi ya Kibera. Ekari zilizobaki zilikuwa 288. Hati hiyo haikuandikwa kwa jina la mtu wala la familia yoyote. Iliandikwa kwa jina la jumuiya ya Wanubi wa Kibra.