Nguzo na Nyua za Mahekalu ya Misri

Misri ya kale ikitajwa, sisi sote hukimbilia piramidi. Tungependa safari hii tuingie katika hekalu la Amun huko Karnak.

Ukumbi wake mkubwa una nguzo 134. Zile 12 za katikati zina kimo cha mita 21 hivi, na vichwa vyake vimechongwa kama maua ya mafunjo yaliyochanua. Nyingine ni fupi, na vichwa vyake ni machipukizi yaliyofumba. Sababu ni mwanga: madirisha ya mawe yaliwekwa juu, pale dari ya katikati inapoipita ile ya pembeni, hivyo njia kuu iliangazwa na pembeni kukabaki giza. Farao Seti wa Kwanza na mwanawe Ramses wa Pili ndio walioupamba.

Lakini mpango huo uliwatenga watu. Mbele ya ukumbi palikuwa na ua ulio wazi kwa jua, na siku za sikukuu raia waliweza kufika hapo. Kutoka uani sakafu hupanda, dari hushuka, giza huzidi, hadi chumba cha sanamu ya mungu, walimoingia mfalme na makuhani tu. Mkulima aliyelima mashamba ya hekalu alibaki nje.

Karne ya 6, katika kisiwa cha Philae, Askofu Theodoro aliugeuza ukumbi wa nguzo wa hekalu la Isis kuwa kanisa la Mtakatifu Stefano. Waamini wakaingia. Misalaba iliyochongwa katika nguzo hizo ingali inaonekana.