Vidole, Kukariri na Maana: Historia ya Kufundisha Kutoa kwa Namba Ndogo Nchini Marekani

Katika shule za msingi za Marekani, kutoa kwa namba ndogo, yaani maswali ambayo namba inayotolewa na jibu lenyewe havizidi 9, kumezua mabishano mazito kuliko wepesi wake unavyoonyesha. Kiini cha mabishano hayo ni iwapo mtoto anayehesabu kwa vidole ili apate jibu la 13 kutoa 8 yumo njiani kuelekea kwenye ujuzi, au ana kasoro inayopaswa kuondolewa haraka.

Vitabu vya hesabu vya zama za mwanzo za nchi hiyo vilikuwa na desturi ya kutanguliza kanuni, ambayo mwanafunzi aliikariri kabla ya kuitumia. Mwaka 1821 Warren Colburn alichapisha mjini Boston kitabu kilichogeuza mpangilio huo, akifuata mawazo ya Johann Heinrich Pestalozzi wa Uswisi, aliyeshikilia kwamba mtoto aanze na vitu anavyoviona na kuvishika ndipo aende kwenye alama. Colburn alianza na maswali mafupi ya mdomo kuhusu idadi ndogo za vitu vya kawaida, akamwachia mtoto atafute jibu kwa akili yake, na kanuni ikaja baadaye.

Karne moja baadaye Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alitoa kitabu chake kuhusu saikolojia ya hesabu, mwaka 1922, ambamo alieleza kuwa kujifunza ni kujenga viungo, maana yake uhusiano kati ya swali na jibu lake, na kwamba kila kiungo huimarika kwa mazoezi na kwa mtoto kuridhika anapopata jibu sahihi. Ni haki kukumbuka kwamba Thorndike alipinga pia maswali ya ajabuajabu yaliyojaa vitabuni yasiyo na kazi yoyote maishani. Hata hivyo, darasani mtazamo wake ulizaa desturi ya kuyagawa maswali ya kutoa kuwa 100, kuanzia 0 kutoa 0 hadi 18 kutoa 9, na kumtaka mtoto akariri kila moja peke yake, kana kwamba 13 kutoa 8, 13 kutoa 5 na 8 kujumlisha 5 hayana undugu wowote. Katika mpango wa namna hiyo kidole hakikuwa na nafasi, kwa kuwa kuhesabu kulionekana kuwa tabia mbaya inayozuia kiungo kisijengeke.

Ushahidi wa kinyume ulipatikana pale watafiti walipoanza kuwasikiliza watoto wenyewe. Mwaka 1926 Guy Buswell na Lenore John wa Chicago walichapisha uchunguzi ambamo wanafunzi walifanya hesabu huku wakisema kwa sauti wanachofikiri, na ikabainika kuwa nyuma ya majibu yaliyoandikwa kulikuwa na njia nyingi ambazo mwalimu hakuzijua. Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa William Brownell wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye mwaka 1935, pamoja na Charlotte Chazal, alionyesha kwamba wanafunzi wa darasa la 3 waliopewa mazoezi ya kurudiarudia katika kujumlisha waliongeza kasi, lakini wengi waliendelea kutumia njia zilezile walizokuwa nazo, ikiwemo kuhesabu. Mwaka huohuo Brownell alitetea nadharia ya maana, inayosema kwamba mtoto hupita hatua: huhesabu moja moja, kisha huutumia ukweli anaoujua kupata asioujua, kwa mfano kutoa 3 katika 13 ili afike 10 na kumalizia 5 zilizobaki, na mwishowe hulikumbuka jibu kwa sababu amelielewa. Hoja hii ndiyo iliyostahili kusikilizwa tangu mwanzo, maana ilimheshimu mtoto kama mtu anayefikiri.

Mwaka 1975 Steven Woods, Lauren Resnick na Guy Groen walipima muda ambao watoto walitumia kujibu maswali ya kutoa, wakakuta kuwa nyakati za wengi wao zililingana na uteuzi wa busara ambao kwa kawaida hakuna aliyewafundisha. Katika 9 kutoa 2 mtoto hurudi nyuma, 8, 7, na kupata jibu kwa hatua mbili. Katika 9 kutoa 7 huanzia 7 na kwenda mbele, 8, 9, na hatua hizo mbili ndizo jibu. Kwa hiyo huchagua upande wenye safari fupi.

Pande hizo mbili, hata hivyo, hazina uzito sawa. Anayerudi nyuma hulazimika kufuata mifuatano miwili inayopingana, kwa kuwa namba anazotaja zinapungua huku idadi ya hatua zake ikiongezeka, na mara nyingi hukosea kwa moja kwa kuihesabu namba ya kuanzia kuwa hatua ya kwanza. Anayekwenda mbele hana mgongano huo, wala hahitaji mfuatano mpya, kwani ni uleule aliojifunza tangu utotoni.

Karen Fuson, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1986, aliichukua njia hii ya kwenda mbele na kuwafundisha wanafunzi wa darasa la 1 waziwazi. Kwa kuwa mkono mmoja hushika kalamu, hatua zilihesabiwa kwa mkono mwingine pekee, kidole gumba kikisimama badala ya 5 ili vidole vitano vitoshe hadi 9. Kwa 13 kutoa 8 mtoto husema 8, kisha huinua kidole kwa kila namba, 9, 10, 11, 12, na anapofika 13 gumba humwonyesha 5.