Riyali 300 za chakula: kubana matumizi Al Wakrah

Al Wakrah, mji wa pwani ulioko kusini mwa Doha nchini Qatar, ulijulikana zamani kwa uvuvi na upigaji mbizi wa kutafuta lulu. Leo ni makazi ya wageni wengi, na miongoni mwao wamo Waafrika Mashariki ambao kipato chao hulisha nyumba mbili: ya ugenini na ya kwao.

Sheria inasemaje

Sheria nambari 17 ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Machi 2021, iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa riyali 1,000 kwa mwezi, kwa wafanyakazi wa mataifa yote, wakiwemo wa majumbani. Mwajiri asiyetoa chakula hutakiwa kuongeza riyali 300, na asiyetoa malazi riyali 500.

Riyali 300 ni takriban dola 82 za Marekani, yaani riyali 10 kwa siku. Anayenunua chakula kilichopikwa mara tatu kwa siku atazimaliza upesi. Anayejipikia huweza kubakisha chochote.

Chungu kimoja

Njia iliyozoeleka ni kuchanga na kupika kwa zamu. Mathalani, watu sita wakitoa riyali 200 kila mmoja, hupata 1,200 za mwezi, yaani 40 kwa siku. Kila mmoja hubakiwa na riyali 100. Kwa mwaka hizo ni 1,200, zaidi ya mshahara wa msingi wa mwezi mzima.

Mchango hudumu pale tu hesabu inapokuwa wazi. Mmoja hushika fedha, mwingine huandika manunuzi, na stakabadhi huhifadhiwa hadi mwisho wa mwezi.

Cha kununua

Mchele, unga, mafuta na vitunguu hununuliwa kwa wingi mara tu mshahara unapoingia. Dengu, choroko na maharage hushika nafasi ya nyama siku nyingi za juma. Dengu zilizokobolewa huiva haraka na kuokoa gesi. Maharage hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa sawasawa. Mboga za mashamba ya Qatar hupatikana zaidi majira ya baridi, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili.

Joto ni adui wa akiba. Wakati wa kiangazi, wali uliopikwa usiachwe nje zaidi ya saa moja. Uingizwe kwenye jokofu ukiwa umetandazwa katika chombo kipana. Chakula kinachotupwa ni fedha iliyotupwa.

Mpaka wa kubana

Hata hivyo, tumbo lina haki yake. Anayefanya kazi juani akijinyima mlo na maji huhatarisha afya, na maradhi hula akiba kuliko sufuria.

Aidha, hakuna ustadi wa jikoni unaoweza kuziba pengo la mshahara usiolipwa. Tangu mwaka 2015, utaratibu wa kulinda mishahara nchini Qatar unawataka waajiri wa makampuni kulipa kupitia benki, ndani ya siku saba tangu siku ya malipo. Mfanyakazi hana budi kujua kama mkataba wake unataja chakula chenyewe au posho yake, na kuhifadhi nakala. Riyali 300 zisizodaiwa kwa miezi 12 ni 3,600. Hakuna chungu kitakachozirudisha.