Misalaba Isiyo na Mikono

Nilifika Sandbach, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mvua ikinyesha. Misalaba yenyewe ipo miwili, kwenye uwanja mdogo uliotandazwa mawe. Ilichongwa karne ya 9, wakati sehemu hii ilikuwa ya ufalme wa Mercia. Mkubwa unakaribia mita 5. Mikono yake imevunjika, kwa hiyo ukiwa mbali utadhani ni nguzo tu.

Sogea karibu. Ule mkubwa una hori la mtoto Yesu, ng'ombe na punda wameliinamia. Mdogo umejaa watu wadogo wadogo, kila mmoja kwenye kijumba chake, kama abiria kwenye madirisha ya daladala. Nyuso zimelika kwa mvua na upepo.

Mwaka 1643 Bunge la London liliamuru misalaba ya maeneo ya wazi ibomolewe, kwa kuwa wakali wa dini wa enzi hizo waliiona kuwa ibada ya sanamu. Hii ya Sandbach nayo ilivunjwa karne hiyohiyo, vipande vikatawanyika. Vingine vilihamishiwa Utkinton, kwenye makazi ya bwana mmoja mwenye ardhi. Vingine vikageuka mawe ya ujenzi. Mwaka 1816 mwanahistoria George Ormerod alisimamia kuvikusanya na kuviunga upya. Vilivyopatikana vikasimamishwa, visivyopatikana vikaacha mapengo.

Nilitaka kuwachukia waliochukua vipande vile. Ila marehemu babu yangu naye alijengea msingi wa choo mawe ya gofu la msikiti wa kale, huko kwetu pwani. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilimsomea mhadhara mzima kuhusu urithi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mjukuu wangu, lilikuwa limeshaanguka. Na wewe choo hicho umekitumia miaka yote." Sikumwomba radhi.

Jiwe moja kwenye msingi ule lina ua lililochongwa, limewekwa juu chini.

Nikiwa bado pale uwanjani, nimelowa, nilimpigia shangazi simu. Nilimwomba kwamba mafundi wakija kubomoa choo wasilitupe lile jiwe la ua.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Sasa tuliweke wapi?"