Kiko: Starehe ya wachache chini ya sheria ya wote

KIKO, ambacho baadhi ya Waswahili hukiita mtemba, ni chombo cha kuvutia tumbaku kilichotumiwa kwa karne nyingi kabla ya sigara za viwandani kuenea. Siku hizi wanaokivuta ni wachache mno wakilinganishwa na wavutaji wa sigara. Uchache huo ndio chanzo cha mjadala: je, ni haki mtu mzima anayevuta kiko taratibu abanwe na sheria zilizotungwa hasa kwa sababu ya sigara?

Kiko kina sehemu tatu kuu: bakuli linalotiwa tumbaku, shina linalopitisha moshi, na kipande cha kutia mdomoni. Vingi vinavyosifika hutengenezwa kwa mzizi wa Erica arborea, mmea wa pwani za Bahari ya Mediterania ambao hauungui upesi. Vingine huchongwa kwa jiwe jeupe laini linalochimbwa karibu na Eskişehir, Uturuki. Vya bei nafuu hufinyangwa kwa udongo, au kutengenezwa kwa gunzi la mahindi, kazi ambayo imelipatia sifa jimbo la Missouri, Marekani.

Mvutaji stadi hana haraka. Hujaza bakuli kidogo kidogo, akishindilia tumbaku kwa kidole. Ikibana mno moshi haupiti, ikilegea mno inaungua kwa pupa na kuchoma ulimi. Tumbaku ya Virginia ina utamu wa asili, Burley ni kavu na nzito, nayo Latakia hukaushwa kwa moshi wa kuni hata ikapata harufu ya pekee. Bakuli moja laweza kuchukua muda wa saa nzima. Kwa wapenzi wake, kiko ni kitulizo, mwenzi wa kitabu na mazungumzo.

Hoja za wavutaji

Wanaokitetea kiko wana hoja tatu. Kwanza, wavutaji wengi hawauvuti moshi hadi mapafuni. Pili, kwa kawaida kiko si chambo cha kuwanasa watoto, kwani ni chombo cha watu wazima chenye gharama na kinachohitaji subira. Tatu, mtu mzima aliyekwisha kuonywa ana haki ya kujiamulia.

Mgala muue na haki umpe. Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake. Moshi wa kiko hufyonzwa kwa urahisi kinywani, hivi kwamba nikotini huingia mwilini bila moshi kufika mapafuni. Hata hivyo, hilo halimwepushi mvutaji na madhara. Mwaka wa 2004, watafiti wa Shirika la Saratani la Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 138,307. Waligundua kuwa hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ilikuwa takriban mara tano zaidi kwa waliovuta kiko pekee kuliko kwa wasiowahi kutumia tumbaku. Hatari ya saratani ya koo na umio iliongezeka pia. Kwa jumla madhara hayo yalikuwa madogo kuliko ya sigara, lakini yalikuwepo.

Serikali na tumbaku

Ugomvi wa watawala na tumbaku si wa jana. Mwaka wa 1604, Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alichapisha kijitabu cha kuikashifu tumbaku, na mwaka huo huo akaipandishia ushuru maradufu mara nyingi. Mwaka wa 1633, Sultani Murad wa Nne wa dola ya Uthmaniya aliipiga marufuku kwa adhabu ya kifo. Wote wawili walishindwa kuing'oa.

Katika karne ya 20 kiko kilikuwa alama ya heshima. Nchini Uingereza kulikuwa na tuzo ya kila mwaka ya mvutaji kiko bora. Waziri Mkuu Harold Wilson aliipata mwaka wa 1965. Wa mwisho kuipokea alikuwa mwigizaji Stephen Fry mwaka wa 2003. Tuzo hiyo ilikomeshwa baada ya sheria ya mwaka wa 2002 iliyozuia utangazaji wa tumbaku.

Kenya iliidhinisha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Kudhibiti Tumbaku mwaka wa 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa mwaka wa 2007 na kuanza kutekelezwa Julai 2008. Inapiga marufuku uvutaji mahali pa umma isipokuwa penye sehemu maalumu zilizotengwa, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh50,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita. Sheria haibagui: inagusa bidhaa yoyote iliyotengenezwa kwa tumbaku, iwe sigara, ugoro au ya kiko.

Kanuni za mwaka wa 2014 zilizofuata sheria hiyo zilipingwa kortini na kampuni ya British American Tobacco Kenya, mpaka Mahakama ya Juu ilipotupa rufaa yake Novemba 2019.

Funzo la Marekani

Kwa nini basi kiko kisiondolewe katika sheria kama hizi? Jibu lilitolewa na Marekani bila kukusudia. Kabla ya Aprili 2009, tumbaku ya kiko na ile ya kujisokotea sigara zilitozwa ushuru sawa wa serikali kuu, takriban dola 1.10 kwa ratili. Ushuru mpya ukapandisha ya kujisokotea hadi dola 24.78, huku ya kiko ikiachwa kwenye dola 2.83.

Kilichofuata kilitarajiwa na yeyote anayejua biashara. Tumbaku ileile ya kujisokotea iliandikwa kwenye paketi kuwa ni ya kiko, na mauzo ya "tumbaku ya kiko" yakapaa, ilhali idadi ya viko midomoni mwa watu haikuongezeka kwa kiasi hicho. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wazee wachache ulipitiwa na kiwanda kizima.

Hapo ndipo kiini cha mjadala kilipo. Sheria ya Kenya haimvizii mtu mzima anayewasha kiko barazani kwake jioni. Inachokataa ni moshi wake kuwaingia wasiouchagua, ndani ya matatu, mkahawa au ofisi. WHO inakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani, wakiwemo wasiovuta. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 11.6 ya Wakenya wazima walitumia tumbaku.

Mvutaji kiko anaweza kulalamika kwamba anaadhibiwa kwa makosa ya sigara, na malalamiko yake si ya bure. Lakini sheria hutungwa kwa kuangalia jani, si chombo linamochomewa. Kila upenyo unaoachwa kwa ajili ya starehe ya wachache huwa na mfanyabiashara anayeusubiri.