Mkimya, Ajitahidi

Matokeo ya rotesheni ya magonjwa ya ndani yaliingia kwenye kundi letu la WhatsApp Jumapili saa nne usiku, kwenye faili lenye namba za usajili tu, bila majina. Nilikuwa mwaka wa nne. Nilishuka na kidole hadi kwenye namba yangu, kisha nikaufuata mstari kwenda kulia: mtihani wa kuandika 78, mtihani wa vituo 74, tathmini ya wodini 51. Nikarudi kuhakiki namba. Ilikuwa yangu.

Kesho yake mama alipiga simu. "Umefaulu?" Nikasema, "Nimefaulu, mama." Akasema, "Basi, Alhamdulillah," akahamia kwenye habari za shangazi. Hakukosea, kwa sababu alama ya kufaulu ilikuwa 50. Nilishindwa kumweleza kwamba kwa wiki nane nimekuwa nikiamka saa kumi alfajiri, nimetoa damu, nimepeleka sampuli maabara kwa miguu yangu, nimefukuzia majibu ya eksirei, nimebaki wodini wenzangu wakienda kula, na mwisho wa yote hayo mtu ameona kwamba nimeipita alama ya kufeli kwa moja tu.

Nilikwenda idarani nikaomba kuiona fomu. Karani alinionyesha bila neno, labda kwa sababu sikuwa wa kwanza asubuhi ile. Ilikuwa na mistari mitano, kila mmoja alama 20: maarifa, kuchukua historia na kumpima mgonjwa, mawasiliano, nidhamu, kujituma. Nilipewa 10, 10, 11, 10, 10. Chini, kwa kalamu ya bluu: *Mkimya. Ajitahidi.*

Ile 11 kwenye mawasiliano ndiyo iliyonichekesha, halafu ikanikasirisha. Mtu anayeitwa mkimya amepata alama yake ya juu kwenye mawasiliano?

Sijui watu wengine hufanya nini na hasira ya namna hii. Mwenzangu wa chumba alilala siku mbili. Mimi nilianza kusoma. Nilitaka kujua nani hasa aliamua kwamba daktari apimwe kwa jinsi mkubwa wake anavyomwona.

Katika nchi zinazozungumza Kiingereza, mtu mmoja anayetajwa ni George Paget, tabibu wa Cambridge. Mwaka 1842 aliishawishi Cambridge iwatahini wanafunzi wa tiba mbele ya mgonjwa kitandani. Kabla ya hapo ungeweza kuitwa daktari kwa kujua vitabu na kujibu maswali ya mdomo, bila yeyote kukuona ukimshika mgonjwa. Ukitazama hivyo, Paget alikuwa anamtetea mgonjwa. Baadaye, huko Baltimore, shule ya tiba ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1893, William Osler aliwatoa wanafunzi madarasani akawaweka wodini: kila mmoja na wagonjwa wake, historia yake ya kuandika, vipimo vyake vya kufanya. Ndiyo rotesheni tunayoijua leo. Ukishamweka mwanafunzi wodini kwa wiki nyingi, lazima atokee mtu wa kusema alikuwaje, na mtu huyo ni yule aliyekuwa naye kwenye raundi.

Utaratibu huo ulitufikia kwa njia ya Waingereza. Makerere, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924, ilifundishwa na madaktari wao, na Dar es Salaam ilipoanzisha shule yake ya tiba mwaka 1963 ilirithi lugha ileile: raundi, kesi ndefu, kesi fupi, bingwa anayeuliza na mwanafunzi anayejibu akiwa amesimama wima kando ya kitanda. Koti jeupe ni lao, na ile hofu ya saa mbili asubuhi nadhani ilikuja kwenye sanduku hilohilo.

Kilichonishangaza ni kwamba dosari za mfumo huu zimejulikana tangu zamani sana. Mwaka 1888 Francis Ysidro Edgeworth, mtu wa uchumi na takwimu, aliandika kuhusu mitihani kana kwamba anaandika kuhusu darubini. Wanajimu walikuwa wanajua kwamba watazamaji wawili wakipima nyota moja hawapati jibu moja, na wakawa na hesabu za kukadiria kosa hilo. Edgeworth akauliza kwa nini msahihishaji asihesabiwe vivyo hivyo. Kwa walio karibu na mstari wa kufaulu, alisema, bahati ina sehemu kubwa. Mwaka 1912 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, walituma nakala za karatasi moja ya mtihani wa Kiingereza kwa walimu wa shule nyingi za sekondari. Zilirudi na alama kuanzia 50 hadi 97. Watu wakasema, ah, hiyo ni lugha, kila mtu na ladha yake. Mwaka uliofuata wakatuma karatasi ya jiometri. Alama zikaanzia chini ya 30 na kupita 90.

Lakini aliyenipata mimi ni Edward Thorndike. Mwaka 1920 alichapisha makala fupi kuhusu jinsi maofisa wa jeshi la Marekani walivyokuwa wakiwapima walio chini yao: umbo, akili, uongozi, tabia. Mambo haya manne hayana sababu ya kwenda pamoja sana, maana mtu anaweza kuwa na kifua kipana na kichwa kitupu. Hata hivyo alama zilifuatana mno. Ofisa aliyempenda mtu kwa jambo moja alimpandisha kwa yote, na aliyemdharau alimshusha kwa yote. Thorndike alikiona kama mwanga mmoja unaomulika kila kitu kinachoukaribia.

10, 10, 11, 10, 10. Nilisoma makala ile maktaba nikatamani kusimama juu ya kiti. Hakuna binadamu aliye wa wastani kwa usawa hivyo katika mambo matano. Bingwa wangu hakunipima mara tano. Alinitazama mara moja, kama alinitazama, akaugawanya mtazamo huo kwenye mistari.

Watu wa tiba wenyewe walilijua tatizo. Bodi ya taifa ya watahini wa tiba ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1915, kwa miaka mingi ilimtahini mtu mbele ya mgonjwa halisi. Walipokaa na kulinganisha maelfu ya mitihani hiyo, waligundua kwamba watahini wawili waliomwona mtu yuleyule walikubaliana kidogo sana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaifuta sehemu hiyo. Kule Dundee, Uskoti, Ronald Harden na wenzake walichapisha mwaka 1975 njia nyingine: vituo vingi, kazi moja fupi kila kituo, orodha ya kutiki, kengele ikilia unahama. Ndio huo mtihani wa vituo ambao sisi tunauita oski. Nilipata 74. Naupenda, kwa hiyo sipaswi kuaminiwa sana ninapousifu. Hata hivyo nitakiri kwamba katika oski nimewahi kumwambia mgonjwa wa kuigiza "pole sana mama" huku nikiitazama saa, na nikapata alama ya huruma.

Na ile tathmini ya wodini haikufa. Mwaka 2012 watafiti walipolinganisha shule za tiba za Marekani, kuna shule iliyotoa alama ya juu kabisa kwa asilimia 2 ya wanafunzi wake, na nyingine kwa asilimia 93. Kisha mwaka 2022 mtihani wao wa kwanza wa leseni ukaacha kutoa alama na kubaki faulu au feli, kwa nia njema ya kuwapunguzia vijana presha. Tarakimu moja waliyokuwa wakitegemea wote ikaondoka, na waajiri wa mafunzo ya ubingwa wakabaki kuangalia zaidi kile kilichobaki, yakiwemo maneno ya mtu aliyekuwa kwenye raundi.

Katika kusoma huko ndipo nilipokutana na Gertrude Stein. Nilimjua kama mwandishi wa vitabu vigumu aliyeishi Paris. Sikujua kwamba aliingia Johns Hopkins mwaka 1897 kusomea udaktari. Miaka miwili ya mwanzo, ya maabara na vitabu, alifanya vizuri. Walipoanza wodi, alama zilishuka. Mwaka 1901 alifeli masomo ya mwisho, uzazi likiwa mojawapo, akaondoka bila shahada.

Nilifurahi kumpata. Nilimwona kama mimi: mzuri kwenye karatasi, ameangushwa wodini na wazee wa ndevu wasiotaka wanawake. Nilishaanza kuandika aya hiyo kichwani. Bahati mbaya niliendelea kusoma. Darasa lililomtangulia, la mwaka 1900, lilikuwa na Florence Sabin na Dorothy Reed, wanawake wawili waliopita mikononi mwa wazee haohao wakafaulu, mmoja akawa mtafiti mkubwa wa anatomia na mwingine akaziacha seli za saratani fulani ya tezi zikibeba jina lake hadi leo kwenye vitabu vyetu. Na Stein mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1933, anasimulia kwamba tiba ilimchosha, na kwamba profesa aliyemfelisha alipompa nafasi ya kurudia, alimshukuru kwa kumfelisha. Huenda hayo ni maneno ya mtu anayefunika kidonda. Huenda pia wazee wale walikuwa na chuki, na Stein kweli hakuwa akisikiliza, yote mawili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo nilipoifunga kompyuta. Nilijua kwa nini jambo hilo linanisumbua, na halikumhusu Stein.

Kuna bibi mmoja, kitanda cha dirishani, moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba hadi magotini na alilala ameketi. Alikuwa mgonjwa wangu. Mchana mmoja, wenzangu wakiwa wameenda kula, nilimwamkia, nikavuta kiti. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema, na baada ya mazungumzo ya nazi na mvua akaniambia kwamba vile vidonge vya maji alikuwa amevikatisha zamani. Kila akivimeza anabanwa na haja, na choo kiko mbali na nyumba, usiku kuna giza. "Usimwambie daktari, atanigombeza."

Kesho yake kwenye raundi, daktari anayesomea ubingwa aliwasilisha: mgonjwa anatumia dawa zake zote, dawa imeshindwa, napendekeza dozi iongezwe. Bingwa akatuzungushia macho wanafunzi. "Kuna mwenye nyongeza?" Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari mfukoni. Lakini kusema ilikuwa ni kumwumbua daktari mkubwa kwangu mbele ya bosi wake, yule aliyekuwa akinifundisha kuweka kanula, na bibi alikuwa ameniomba. Nilitazama viatu vyangu. Raundi ikasogea kitanda cha pili.

Wodini dawa hutolewa na wauguzi na humezwa. Siku ya tatu bibi alisimama kwenda chooni akaona giza, akakamatwa na mgonjwa mwenzake kabla hajafika sakafuni. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka sana. Sista wa zamu ndiye aliyemwuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa mfukoni mwangu, na dozi ikapunguzwa mchana uleule. Bibi aliruhusiwa wiki iliyofuata, akitembea. Hakuna aliyeniuliza chochote. Sikumwambia mtu.

Wiki mbili baada ya matokeo nilikwenda kwa bingwa. Nilikuwa nimejiandaa: Thorndike, Edgeworth, asilimia 2 na 93. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza jina na rotesheni ipi. Aliitazama fomu muda mrefu. Niliona wazi kwamba uso wangu haumwambii kitu.

"Nilisimamia wanafunzi wengi kipindi kile," akasema, na nadhani hiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. "Hapa nimeandika mkimya. Wewe ni mkimya?"

Nilikuja kumwambia kwamba swali hilo ndilo kosa lenyewe, kwamba anatakiwa alijue jibu kabla ya kutoa alama. Bado naamini hivyo. Alama ile ilitolewa na mtu asiyenikumbuka, kwa mistari mitano iliyotoka kwenye mtazamo mmoja, na haikustahili kuitwa kipimo. Na wakati huohuo hakuna mtu chuoni aliyewahi kuandika neno la kweli zaidi kunihusu, ingawa yeye hakujua lilikuwa na uzito gani.

"Ndiyo, Daktari," nikasema. "Kuna siku nilinyamaza." Nikamsimulia habari za bibi.

Hakubadilisha alama, na mimi sikuiomba. Alinyamaza kidogo, akauliza kama sista yule bado yuko wodi ileile. Nikasema yuko. Akachukua kalamu akaandika kitu kwenye kijitabu chake, sijui nini, halafu akaniambia Jumatano kuna raundi, nije, nisimame mbele.