Unga wa Yanga na Willy Gamba: Kicheko cha Miaka ya Uhaba

Watu wazima wa Manzese, Dar es Salaam, walioishi mwanzo wa miaka ya 1980 wakikaa barazani, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye unga wa yanga: ule wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo, ambao wengi waliuona chakula cha mifugo. Mmoja ataeleza harufu yake, mwingine atakumbuka majani ya mpapai yaliyopondwa na kusuguliwa kwenye kola ya shati kwa kukosa sabuni, na wote watacheka mpaka machozi. Kicheko hicho ni ushahidi wa kihistoria. Riwaya pendwa za wakati uleule hazikukihifadhi, nami nashikilia kwamba ukimya wa riwaya hizo nao ni ushahidi.

Chanzo cha uhaba huo wa Tanzania kinajulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vya 1978–79 vikamaliza fedha za kigeni, bei ya mafuta ikapaa, viwanda vikakosa malighafi. Sukari, sabuni na khanga vikawa vitu vya kugawiwa. Watu walipanga foleni alfajiri, na asiyeweza kusubiri aliweka jiwe limshikie nafasi. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa walanguzi, lakini rafu za maduka hazikujaa.

Katika miaka hiyohiyo vijana walikuwa wakiazimana vitabu vya Elvis Musiba: *Kufa na Kupona* (1974), *Kikosi cha Kisasi* (1979), *Njama* (1981). Shujaa wake, mpelelezi Willy Gamba, hapangi foleni. Anapanda ndege, analala hoteli nzuri, anapambana na majasusi hadi Kinshasa. Wahakiki wengi waliziita riwaya za namna hii burudani tupu, za kumsahaulisha msomaji hali yake. Hukumu hiyo naipinga kwa nguvu zote. Msomaji aliyekula yanga mchana hakuhitaji kusimuliwa yanga usiku. Alijua ladha yake. Alichokitafuta ni Mwafrika mwenye uwezo, anayeitumikia nchi yake na bado havai matambara. Orodha ya starehe za Gamba, tukiisoma kwa makini, ni orodha ya vitu vilivyokosekana dukani.

Ujerumani Mashariki, ambako nako watu waliujua uhaba, kumbukumbu ilikwenda kwa njia nyingine. Dola lenyewe lilitoweka mwaka 1990 pamoja na bidhaa zake duni, na kabla ya muongo kwisha mwandishi Thomas Brussig alikuwa amekwisha kuyageuza maisha yale kuwa riwaya za kuchekesha zilizopendwa sana. Kwetu dola lilibaki. Sera ndiyo iliyobadilika. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, mitumba ikamiminika, na Manzese ikawa moja ya masoko yake mashuhuri. Hapakuwa na siku ya kuuaga uhaba. Kumbukumbu ikabaki mdomoni.

Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu masimulizi ya barazani huchagua. Yanachagua harufu ya unga na kuacha saa tisa usiku, mama akiwa njiani kwenda kuwahi nafasi huku mtoto akibaki na jirani. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha katika *Changing the Rules* (1997) jinsi miradi midogo, mingi ikiwa ya wanawake, ilivyozibeba kaya ambazo mshahara haukuzitosha. Ukimpa mwanamke wa kizazi hicho nafasi ya kusimulia peke yake, kicheko kinapungua na hesabu inaanza: kilo ngapi, bei gani, nani alimtunzia, nani alimnyima.

Kwa hiyo idara zetu za fasihi na historia ziwafundishe wanafunzi kuisoma *Njama* sambamba na masimulizi hayo, na ziwatume kuyarekodi sasa hivi. Aliyekuwa na miaka 30 kitabu hicho kilipotoka ameshavuka 70.